Shajara ya Mradi: Kompyuta Yangu ya Kwanza ya Michezo Ndani ya Kasha la Lita 10

Siku ya 1

Nimeifungua shajara hii kwa sababu nimechoka kuandika maamuzi kwenye vipande vya karatasi ambavyo kesho yake sivioni. Ninakusudia kuunda kompyuta ya michezo, ya kwanza maishani mwangu, iliyo ndogo kiasi cha kukaa juu ya meza bila kuninyima nafasi ya kuandikia. Kati ya skrini na ukuta kuna sentimita 17 tu, na hilo ndilo sharti la kwanza, lisilo na mjadala. Sharti la pili ni kwamba michezo ya sasa ichezeke kwenye skrini niliyo nayo, ambayo ni ya 1080p, kwa fremu zisizopungua 60 kwa sekunde katika mipangilio ya kati au ya juu.

Sharti la tatu ni fedha. Badala ya kuandika bei, ambazo hupanda na kushuka kila wiki, nimeigawa bajeti yote katika sehemu 100: kadi ya michoro sehemu 38, prosesa 15, ubao mama 14, pawa saplai 10, kasha 8, diski ya SSD 8 na RAM 7. Skrini, kibodi na kipanya ninavyo tayari. Kipoza cha prosesa sikukitengea kitu, kwa hiyo prosesa nitakayoichukua lazima ije na kipoza chake.

Siku ya 3

Nimeamua kuanza na kasha. Najua desturi ni kuanza na prosesa au kadi, na katika kompyuta kubwa hakuna ubaya wowote, kwa kuwa karibu kila kitu huingia. Katika kompyuta ndogo, utaratibu huo humfanya mtu anunue vifaa vizuri vinavyogoma kuingia vyote kwa pamoja, na mimi sina fedha ya kununua kitu mara mbili.

Ukubwa wa makasha madogo huhesabiwa kwa lita, na wapenzi wa kompyuta hizi kwa kawaida huliita kasha dogo likiwa chini ya lita 20. Hesabu yenyewe ni nyepesi: urefu mara kimo mara upana kwa milimita, kisha jibu ligawanywe kwa milioni moja. Nimepata kasha lililokwisha kutumika, lenye milimita 330 kwa 220 kwa 140, yaani lita 10 na ushei kidogo. Mpangilio wake ni wa mgongo kwa mgongo: ubao mama unakaa upande mmoja wa ukuta wa kati, kadi ya michoro upande wa pili, na kati yao inapita raiza, ile kebo bapa inayoihamisha nafasi ya kadi kutoka kwenye ubao hadi upande wa pili. Raiza imo ndani ya kasha, na muuzaji ananihakikishia kuwa ni nzima na kwamba inafanya kazi na kadi yoyote. Nililikubali neno lake bila kuuliza swali la pili, jambo ninaloliandika hapa ili lihifadhiwe.

Kwa upana wa sentimita 14, kasha litapita kati ya skrini na ukuta na kubakiza sentimita tatu za hewa. Limechukua sehemu 6 badala ya 8.

Siku ya 4

Kasha limefika, na jioni nzima nimekuwa nalo pamoja na rula. Upande wa ubao mama, kutoka juu ya mahali itakapokaa prosesa hadi kwenye bati lenye matundu, nimepata milimita 57. Upande wa kadi, unene unaoruhusiwa ni milimita 45 na urefu unakaribia milimita 300. Nafasi ya pawa saplai ni ya aina ya SFX peke yake, ambayo mwili wake ni milimita 125 kwa 100 kwa 63.5, ile ya kawaida ya ATX, yenye upana wa milimita 150 na kimo cha 86, haiingii hata kwa kubembelezwa. Ubao mama nao ni lazima uwe Mini-ITX, kipimo cha milimita 170 kwa 170 kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001.

Namba hizo nimeziandika kwa kalamu kwenye kifuniko cha katoni. Kuanzia leo kifaa chochote kitapimwa kwa namba hizo kabla ya kuangaliwa sifa zake nyingine.

Siku ya 8

Kadi ya michoro ndiyo iliyonikalisha zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama mchezo utachezeka, na ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko kifaa kingine chochote.

Ya kwanza kuniita ilikuwa Radeon RX 6500 XT, kwa sababu ya wepesi wa bei yake na umbo lake dogo. Nilipoichunguza nikakuta ina GB 4 tu za kumbukumbu na inazungumza na ubao mama kwa njia nne pekee za PCIe, ule mfumo wa kupitisha data kati ya kadi na ubao. Njia nne za toleo la 4.0 hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde, kiasi kinachoridhisha, lakini zikiwekwa kwenye ubao au prosesa ya toleo la 3.0 hupitisha nusu yake. Mchezo unapojaza zile GB 4, data hulazimika kuletwa kutoka RAM kupitia njia hiyohiyo nyembamba, na hapo mchezo huanza kukwama kwama. Nikaifuta kwenye orodha.

GeForce RTX 4060 ingenifaa kuliko zote: kumbukumbu GB 8 na matumizi ya wati 115 tu, kiasi kidogo sana kwa nguvu iliyo nayo. Ila ingemeza nusu ya bajeti. RTX 3060 yenye GB 12 inapatikana ikiwa imetumika, lakini ni ya wati 170, na nyingi nilizoziona zina unene unaopita milimita 45 kwa sababu ya vipoza vyao vinene. Hapa nimejifunza kwamba mtu akisoma tangazo la kadi asiridhike na neno kwamba kadi ni ya nafasi mbili. Nafasi moja ni milimita 20.32, mbili ni karibu 41, lakini watengenezaji wengi huongeza milimita kadhaa juu ya hapo, na katika kasha langu milimita tano ni umbali kati ya kufunga bati na kutolifunga.

Nimeishia kwenye Radeon RX 6600 iliyotumika. Ilitoka mwaka 2021, ina GB 8, inatumia wati 132 na inahitaji plagi moja ya pini 8. Hii niliyoipata ina feni mbili, urefu wa milimita 200 na unene wa 40. Kabla ya kulipa nilikata katoni kwa vipimo hivyo, nikaisukuma ndani ya kasha, nikafunga bati, nikalitikisa kasha kidogo. Katoni haikugusa popote. Mwenye kadi alikubali niione ikicheza mchezo kwa dakika 20 nikiwa nimesimama pale. Feni zote mbili zilizunguka bila kelele ya kukwaruza, na picha haikuwa na madoadoa wala mistari. Imechukua sehemu 35.

Siku ya 11

Prosesa na ubao mama ni lazima viamuliwe pamoja, kwa kuwa soketi (mahali prosesa inapokaa kwenye ubao) ya kimoja ndiyo inayokichagua cha pili.

Nilivutwa kwanza na Ryzen 5 5600G, ambayo ina uwezo wa michoro ndani yake. Wazo lilikuwa kuichukua sasa na kuahirisha kadi. Lakini ina MB 16 tu za kashe ya L3, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, ilhali Ryzen 5 5600 ya kawaida ina 32, na inaishia kwenye PCIe 3.0, tena kadi ninayo tayari, kwa hiyo ningelipia kitu ambacho kingekaa bure. Core i3-12100F ni nafuu na ina haraka ya kushangaza kwa viini vinne (vitengo vya kufanyia hesabu), ila ninataka sita. Ryzen 5 7600 inakaa kwenye soketi ya AM5, iliyoanza mwaka 2022 na yenye maisha marefu mbele yake, lakini soketi hiyo inakubali RAM za DDR5 pekee, na mbao zake za Mini-ITX zilipita kabisa kile nilichokitenga.

Basi ni Ryzen 5 5600: viini 6, nyuzi 12 (kazi zinazoweza kuendeshwa kwa wakati mmoja), wati 65, na kipoza cha Wraith Stealth ndani ya boksi. Kipoza hicho kina kimo cha milimita 54, nami ninazo 57. Soketi ya AM4 ni ya tangu 2016, na wapo watakaosema ninanunua kitu kilichofika mwisho wa njia. Ni kweli, isipokuwa mwisho wenyewe uko mbali kidogo na hapa nilipo: siku moja ninaweza kuitoa 5600 na kuweka 5800X3D yenye MB 96 za kashe bila kubadilisha ubao, mradi nipate namna ya kuipoza ndani ya lita 10.

Kwenye ubao ndipo nilipolipa kile ninachokiita kodi ya udogo. Mbao za Mini-ITX ni ndogo kuliko zote lakini huuzwa ghali kuliko za micro-ATX zenye chipseti ileile (chipu inayoamua uwezo wa ubao), na hakuna la kufanya. Nilikuwa na chaguo mbili, A520 kwa sehemu 14 na B550 kwa sehemu 17. Tofauti kubwa kwangu ni kwamba B550 inaipa kadi PCIe 4.0, na A520 inaishia 3.0. Nikiwa bado nina kumbukumbu ya yale niliyoyasoma kuhusu 6500 XT, niliogopa kuibana kadi yangu, nikachukua B550. Kabla ya kulipa nilihakikisha kwamba BIOS iliyomo, ile programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, inaitambua familia ya Ryzen 5000, au kwamba ubao una kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa. Huu una kitufe hicho.

Siku ya 12

Hesabu ya umeme: kadi wati 132, prosesa nimeihesabia 90, kwa kuwa inaruhusiwa kuzidi kidogo zile 65 zilizoandikwa, ubao, RAM, diski na feni wati 50. Jumla ni 272. Kadi za kisasa huvuta umeme kwa mishtuko mifupi inayopita wastani wake, kwa hiyo nikaongeza akiba na kuchagua SFX ya wati 450.

Alama ya 80 Plus Gold iliyo kwenye pawa saplai hii inamaanisha kwamba, kwenye umeme wa volti 115 na mzigo wa nusu, angalau asilimia 90 ya umeme unaoingia hutoka ukiwa na manufaa. Bronze hutakiwa kufikia 85. Alama hiyo inapima upotevu wa umeme, haipimi ubora wa vijenzi wala usalama, na nimewaona watu wakiitegemea kama cheti cha kila kitu. Kilichonishawishi mimi ni kinga dhidi ya mzigo uliozidi na dhidi ya shoti, muda mrefu wa dhamana, na nyaya zinazochomoleka. Katika kasha dogo waya usiotumika hauna pa kujificha. Pawa saplai imechukua sehemu 14, nne zaidi ya mpango, na hiyo nayo ni kodi ya udogo.

Siku ya 15

Ubao una nafasi mbili tu za RAM, na hilo limebadilisha hesabu. Vijiti viwili vya GB 8 vingetosha leo, lakini siku nikihitaji zaidi ningelazimika kuvitoa vyote viwili. Kijiti kimoja cha GB 16 kingeniachia nafasi ya pili, ila prosesa ingekosa nusu ya upana wa njia ya kumbukumbu, maana kila kijiti cha DDR4-3200 hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde na viwili hupitisha mara mbili yake. Nimechukua viwili vya GB 16, vifupi, visivyo na mapambo ya taa. Sehemu 9.

Diski ni SSD ya aina ya NVMe, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, ya TB 1, toleo la 3.0 la PCIe, sehemu 8. Michezo kadhaa ya sasa hupita GB 100 kila mmoja, kwa hiyo nusu ya TB ingejaa upesi. Kasi ya 4.0 sikuitafuta.

Siku ya 24

Vifaa vyote vimefika, na leo nimeunganisha. Katika kasha dogo kila hatua hufunga mlango wa hatua iliyotangulia, na ubao wangu una nafasi mbili za diski, moja ikiwa mgongoni. Nimeiweka diski mbele ili niweze kuifikia, lakini anayetaka kutumia ile ya nyuma inampasa aiweke kabla ubao haujafungwa ndani ya kasha.

Kipoza kilinitoa jasho. Wraith Stealth hushikwa kwa skrubu nne zenye springi, zinazoingia kwenye bamba la chuma lililo nyuma ya ubao, na ili zifike inabidi kwanza kung'oa vishikizo viwili vya plastiki vilivyo mbele. Ukivifungua vishikizo hivyo, bamba la nyuma halina tena kinacholishika na huanguka. Mara ya kwanza lilianguka likabiringika chini ya meza. Mara ya pili niliulaza ubao juu ya boksi lake ili bamba libaki palepale, nikazikaza skrubu kwa mwendo wa msalaba, mizunguko miwili kwa kila moja, hadi zikagoma.

Nilipowasha kujaribu feni, bila kadi, nikasikia mlio mdogo wa tiki, tiki, tiki. Waya mnene wa pini 24, ambao ndani ya kasha hili hupinda ghafla kama kiwiko, ulikuwa unaligusa bawa la feni ya kipoza. Nimeuvuta nyuma na kuufunga kwa kamba mbili za plastiki kwenye ukuta wa kati. Mlio umeisha.

Siku ya 25

Nimeweka kadi, nimechomeka raiza, nimewasha. Feni za kadi zikazunguka sekunde chache kisha zikatulia, jambo la kawaida kwa kadi hii ikiwa haina mzigo, lakini skrini ilibaki nyeusi. Kwenye ubao taa ndogo iliyoandikwa VGA, inayoashiria tatizo la kadi ya michoro, ilikuwa inawaka na haikuzima.

Nilishuku kadi kwanza, kwa kuwa imetumika. Nikachomoa na kuchomeka kila kitu mara tatu. Saa mbili baadaye nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzoni: nikautoa ubao nje, nikaulaza juu ya boksi, nikaichomeka kadi moja kwa moja bila raiza. Picha ikaja mara moja.

Tatizo basi lilikuwa raiza, na nilipoigeuza geuza kwenye mwanga sikuona maandishi yoyote ya toleo. Kadi na ubao, vyote viwili vikiwa vya 4.0, vilikuwa vikijaribu kuzungumza kwa kasi ya 4.0 kupitia kebo ambayo, kwa dalili zote, ilitengenezwa kwa ajili ya 3.0. Prosesa yangu haina michoro ya ndani, kwa hiyo nikiwa na raiza nisingeweza kuiona BIOS. Ubao ukiwa bado nje, niliingia BIOS, nikaitafuta nafasi ya kadi, nikabadilisha kasi kutoka ya kujiamulia hadi Gen3, yaani toleo la 3.0, nikahifadhi, nikarudisha kila kitu ndani ya kasha pamoja na raiza. Picha ikaja.

Nikiwa humo humo nimewasha wasifu wa XMP, kwa kuwa RAM ilikuwa inafanya kazi kwa kasi ya chini kuliko ile niliyoilipia.

Siku ya 27

Nimefanya hesabu. Jumla ya matumizi ni sehemu 103: kadi 35, ubao 17, prosesa 14, pawa saplai 14, RAM 9, diski 8, kasha 6. Nimezidisha sehemu 3, na sehemu 3 ndiyo tofauti kamili kati ya B550 na A520. Niliilipia PCIe 4.0, kisha nikaizima kwa mkono wangu. Kama ningechukua A520, kadi ingezungumza kwa 3.0 tangu mwanzo, skrini isingekuwa nyeusi, na bajeti ingetimia bila kupungua wala kuzidi.

Kilichoniokoa ni kwamba RX 6600 ina njia nane. Njia nane za 3.0 hupitisha karibu GB 7.9 kwa sekunde, sawa na njia nne za 4.0, na GB 8 za kumbukumbu hazinilazimishi kuipita njia hiyo mara kwa mara. Kabla ya kurudisha vifaa ndani siku ile nilikuwa nimeucheza mchezo mmoja, eneo moja, kwa dakika tano. Jana nimerudia eneo lile kupitia raiza, na tofauti ni fremu moja au mbili katika 70 na kitu. Kwa kadi ya njia nne na GB 4 sidhani kama ningeyaandika haya kwa utulivu huu.

Raiza mpya ya 4.0 ningeweza kuipata, lakini siinunui kwa ajili ya fremu mbili. Prosesa, ikiwa imebanwa na mchezo kwa nusu saa, hufika nyuzi joto 81, na nimepunguza mwendo wa feni katika joto la chini ili isivume ninaposoma. Kasha limekaa kati ya skrini na ukuta, na ukizima taa ya chumba kinachoonekana ni nukta moja nyeupe ya kitufe.

Limebaki jambo moja. Betri ya ubao ikiisha au mtu akifuta mipangilio, BIOS itarudi kwenye kasi ya kujiamulia na skrini itakuwa nyeusi tena, na anayelifungua kasha hataona kosa lolote. Kwa hiyo nimebandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye raiza, karibu na inapochomekwa kwenye ubao, nikaandika kwa wino usiofutika: «3.0 tu. Weka Gen3 kwanza, kadi ikiwa nje ya kasha, imechomekwa bila raiza.»